Kigari cha mti na mtoto: maswali ninayoulizwa kila Sikukuu ikikaribia

Mtaani kwetu Kikwajuni, Zanzibar, Ramadhani ikishaingia kumi la mwisho, naanza kusimamishwa njiani. Wengine ni wazazi wenzangu, wengine ni makaka wakubwa waliotumwa na mama zao. Sababu ni kwamba Sikukuu pili, baada ya Alasiri, uwani kwa mama huwa tunashindanisha vigari vya mti vya watoto wa ukoo na wa majirani. Maswali ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa.

Hivi vigari ni vya mchezo gani hasa?

Kipande cha mti, magurudumu manne, misumari minne, na njia ya kuteremkia. Hakuna betri, hakuna mota, na hakuna kusukuma. Kigari huachiwa juu ya mteremko na kinashuka kwa uzito wake mwenyewe.

Kwa sura hii mchezo umetoka Marekani. Mwaka 1953, katika mji wa Manhattan Beach, California, Don Murphy alikuwa kiongozi wa skauti wadogo. Mwanawe wa miaka 10 alitamani kuingia katika mbio za magari ya kupandwa yaliyoundwa kwa masanduku, lakini alikuwa bado mdogo kwa mbio hizo. Basi baba akatunga mbio zinazomfaa mtoto, na za kwanza zikafanyika tarehe 15 Mei mwaka huo. Wenyewe huziita Pinewood Derby, kwa kuwa mti wake ni ule wa paini.

Watoto wetu si wana magari yao tayari?

Wanayo, na mazuri. Gari la kopo la maziwa lenye magurudumu ya malapa yaliyokatwa mviringo, likisukumwa kwa mti mrefu wenye usukani wa waya, mimi nimekulia nalo. Na watoto wa pwani wana vijingalawa vyao vya tanga la nailoni ambavyo hushindanisha maji yakiwa kupwa. Tofauti ni moja: gari la kopo linashinda kwa mbio za mtoto anayelisukuma, kigari cha mteremko kinashinda kwa namna kilivyotengenezwa. Ukishakiachia mkono, huna la kukisaidia. Hilo ndilo linalomfanya mtoto arudi kwenye kazi na kuuliza kwa nini.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Miaka 7 anaweza kupiga msasa, kupaka rangi na kuchora umbo. Miaka 9 au 10 anashika msumeno mdogo ukiwa umemfungia mti kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania. Watoto wa kike kwa wa kiume, hakuna tofauti yoyote. Aliyeshinda mwaka uliopita ni binti wa dada yangu.

Nitumie mti gani?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoharibikiwa mwanzo.

Unataka mti mwepesi, uliokauka, usio na vifundo. Paini ndiyo rahisi zaidi kuipata. Mbao zake zinakuja kutoka Bara, na nyingine zinafika bandarini Malindi zikiwa zimeundwa masanduku na vitanda vya kupakilia mizigo. Vitanda hivyo vikishachakaa huuzwa au hutupwa. Kabla hujachukua ubao wa namna hiyo, tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona herufi HT, mti umeuliwa wadudu kwa joto, hauna neno. Ukiona MB, umepigwa dawa ya methili bromaidi. Huo uache, usimpe mtoto akaupiga msasa na kuvuta unga wake.

Mfenesi una rangi nzuri ya manjano na unachongeka, lakini ni mzito. Kipande kizima cha mti mzito kinaweza kukaribia kikomo cha uzito kabla hujatia hata gurudumu moja. Mkarafuu ni mgumu, utamchosha mtoto bure. Msufi ni mwepesi mno na watoto wanaupenda kwa sababu unakatika kama muhogo, ila haushiki msumari vizuri. Ukiutumia, tia tone la gundi katika tundu la msumari.

Mti mbichi usiutumie hata ukipewa bure. Mwaka mmoja tulichonga ubao uliokatwa wiki mbili nyuma. Ulikuwa umenyooka kama rula. Siku ya mbio ulikuwa umejipinda, gurudumu moja liko hewani, na tulishauacha juani siku tatu tukidhani unakauka vizuri. Mti ukaushwe kivulini, penye upepo, na taratibu.

Vipimo vyake ni vipi?

Kipande cha kuanzia ni urefu wa inchi 7, upana inchi 1¾ na unene inchi 1¼. Kikishavaa magurudumu, upana wote usizidi inchi 2¾. Chini ya tumbo acha nafasi ya milimita 10 hivi, kwa sababu katikati ya njia kuna mgongo wa ubao ambao magurudumu hupita kushoto na kulia kwake, na kigari chenye tumbo la chini hukwama juu yake.

Na uzito?

Wakia 5, yaani gramu 142, pamoja na rangi na kila kitu. Nawaambia watoto "wakia" makusudi. Bibi zao walipima kwa ratli na wakia, na watoto wa skuli siku hizi hawalijui neno hilo mpaka waliguse kwa mkono. Ratli moja ni wakia 16, basi kigari ni chini kidogo ya theluthi ya ratli.

Mizani ya duka la unga haitoshi, haioni gramu mbili tatu. Nenda kwa sonara. Sisi tuna mmoja Mji Mkongwe ambaye kila mwaka anatupimia vigari vyetu baada ya Adhuhuri wateja wakipungua. Huweka kigari juu ya kisahani pale pale alipoweka bangili, anasubiri namba zitulie, kisha anamsomea mtoto kwa sauti: "Mia na thelathini na tisa, baba. Una tatu zako." Mtoto huondoka pale anajua kwamba ana gramu tatu za kuongeza.

Kwa nini kizito kinashinda? Vitu si vinaanguka sawa?

Swali hili wanauliza wanafunzi wa sekondari, na ni swali zuri. Vitu vingeanguka sawa kama pasingekuwa na upepo wala magurudumu. Lakini hewa inayokizuia kigari ni ile ile, kiwe chepesi au kizito, na kizito hakiisikii sana. Vile vile, sehemu ya nguvu ya mteremko inaliwa na kazi ya kuyazungusha magurudumu. Kigari kikiwa kizito na magurudumu yakiwa mepesi, hasara hiyo inakuwa ndogo. Ndiyo maana tunafika wakia 5 kamili na hatuachi hata gramu moja.

Uzito niuweke wapi?

Nyuma. Kigari kikiwa juu ya mteremko, mkia wake ndio ulio juu zaidi. Uzito uliopo mkiani una safari ndefu zaidi ya kushuka kabla ya kufika tambarare. Waeleze watoto kwa tangi la maji: la juu ya paa linasukuma maji kwa nguvu kuliko lililo juu ya stuli.

Ila usipitilize. Laza penseli mezani, kalisha kigari juu yake na ukisogeze mpaka kisimame bila kuegemea upande. Penseli iwe kama inchi 1 mbele ya ekseli ya nyuma, yaani misumari inayobeba magurudumu ya nyuma. Ikikaribia zaidi ya hapo, pua inakuwa nyepesi, na kigari kinaanza kucheza kikifika mwisho wa mteremko.

Kwa uzito wenyewe tumia nati, washa au vipande vya nondo. Toboa tundu chini ya mkia, zipange, zimiminie gundi. Watu wa baharini watakushauri chubwi la mshipi, kwa kuwa ni la madini ya risasi, ambayo ni mazito na huingia mahali padogo. Ni kweli inafaa kwa uzito, lakini risasi ni sumu, na kwa mtoto hudhuru ubongo. Chubwi lisikatwe, lisipigwe tupa, wala lisiyeyushwe jikoni kwa hali yoyote. Mimi nimeamua nyumbani kwangu tunatumia nati tu.

Magurudumu nayapata wapi?

Marekani huuziwa tayari, ya plastiki, ndani ya boksi moja na mti. Hapa tumejaribu njia tatu.

Malapa hayafai. Ni mazuri kwa gari la kopo, lakini mpira laini unabonyea na kula mwendo.

Gurudumu la mti lililokerezwa ni zuri kupita yote kwa macho. Ukimpata fundi anayekereza miguu ya vitanda, atakukatia manne kutoka kijiti kimoja cha mvinje. Yapige vanishi ndani ya tundu na nje, la sivyo yakipata unyevu yanavimba na kubana msumari.

Tunayotumia sana ni vifuniko vya chupa za maji. Vyepesi, vya mviringo kamili, na vimezagaa ufukweni kote, kwa hiyo kuviokota ni kheri ya pili. Geuza kifuniko uangalie katikati. Vingi vina kitone kidogo kilichobaki pale plastiki ilipoingilia kwenye kalibu. Hicho kitone ndicho kituo chako, usipime kwa rula. Chagua vinne vya chupa ya aina moja. Toboa kwa keekee, kisha pachika ndani ya tundu kipande cha mrija wa wino wa biro iliyokwisha, umeusafisha vizuri, na ukigundishe. Bila mrija, tundu la plastiki nyembamba linapanuka baada ya safari chache na gurudumu linaanza kuyumba.

Ni kitu gani kinachofanya kigari kiwe na mbio kuliko vyote?

Msumari, hakuna kingine kinachoufikia. Watu hunionyesha umbo na kuniuliza kama pua imechongoka vya kutosha, nami nawaomba wanionyeshe ekseli.

Chukua msumari mpya uupitishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Chini kidogo ya kichwa utasikia mikwaruzo miwili mitatu. Hayo ni meno ya mashine iliyoushika wakati wa kupigwa kichwa. Gurudumu linazunguka juu ya meno hayo hayo. Ubane msumari kwenye jiliwa, ondoa mikwaruzo kwa tupa ndogo, nyuma ya kichwa napo pia. Halafu msasa wa namba 400, kisha 600, kisha 1000 ukiwa umelowa maji. Mwisho paka dawa ya meno kwenye kitambaa cha pamba na usugue mpaka uone dirisha limejitokeza juu ya chuma.

Kazi hii ni ya mtoto, na mpe muda. Mwanangu alichukua jioni nzima kwa msumari mmoja. Alikaa kwenye baraza, kitambaa kimefungwa kwenye kidole, akisugua na kuunyanyua kwenye taa, akisugua tena. Alipomaliza hakuuleta kwangu. Aliuchukua ule aliousugua na mmoja ambao haujaguswa, akamfumba bibi yake macho na kumpa aviguse vyote viwili aseme upi ni upi. Bibi akajua papo hapo. Misumari mitatu iliyobaki aliifanya bila kuambiwa.

Tukiwa kwenye msasa: neno lenyewe ni jina la mti. Majani ya msasa ni makavu na yenye kukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi haijaja ikachukua jina lile lile. Ukiyapata shamba, mpe mtoto ajaribu.

Nitie mafuta gani? Ya nazi yanafaa?

Usitie mafuta yoyote, si ya nazi wala ya cherehani. Mafuta yanakamata vumbi na mchanga, na kwetu mchanga haukosi. Tumia unga wa penseli. Ile nyeusi ndani yake ni grafiti, nayo inateleza ikiwa kavu. Chukua penseli laini ya 2B au zaidi, isugue kwenye msasa juu ya karatasi, kusanya unga, tia kidogo ndani ya gurudumu na uzungushe. Rudia mara tatu nne.

Kigari changu kinakwenda upande. Nifanyeje?

Kiachie kwenye sakafu ya sementi iliyo sawa, ukisukume kidogo, uone kinaelekea wapi baada ya hatua tatu. Kikivutia kushoto kila mara, ekseli moja ya mbele haikukaa mraba. Mara nyingi tundu lilitobolewa kwa jicho. Msumari ukiwa na kijipindo kidogo mno unaweza kuuzungusha taratibu kwa koleo, robo kwa robo, huku ukijaribu tena sakafuni mpaka kinyooke. Kama tundu limekwenda kombo sana, zibe kwa kijiti na gundi, subiri likauke usiku mzima, toboa upya. Kabla ya kutoboa chora mstari kwa bevu ya fundi na umpe mtoto akague kama mistari ya pande zote mbili inakutana.

Umbo je, halisaidii?

Linasaidia kidogo tu. Kigari chembamba kinapasua hewa vizuri kuliko cha mraba, lakini mteremko wetu ni mfupi na tofauti ni ndogo ukilinganisha na misumari. Kwa hiyo mwachie mtoto achonge anachokitaka. Tumeona jahazi lenye magurudumu, tumeona papa, tumeona kiatu.

Mimi nifanye nini, na mtoto afanye nini?

Hili wachache wananiuliza, na natamani wote wangeuliza.

Mwaka wa kwanza nilikosea. Mwanangu alikata upande mmoja ukaenda kombo, nikamwambia nipe nikunyooshee. Nikanyoosha. Halafu nikatoboa mimi, kwa kuwa keekee ni khatari. Halafu misumari nikaisugua mimi, kwa kuwa ilikuwa usiku na yeye ana skuli asubuhi. Alikuwa amekaa pembeni, kisha akasimama, kisha nikasikia sauti yake nje akicheza na wenzake. Sikumwita. Niliendelea mpaka baada ya Isha.

Kigari kile kilishinda mbio zote. Binamu zake wakamzunguka wakamuuliza amekifanyaje, akaninyooshea kidole mimi. Siku mbili baadaye nilikikuta barazani kimenyeshewa, misumari imeshaanza kutu. Hakuwa amekitupa kwa hasira. Alikuwa amekisahau.

Sasa kanuni yangu ni hii: mkono wangu unashika jiliwa, keekee ya umeme na gundi kali. Vingine vyote ni vyake. Akikata kombo, namuuliza anataka kufanya nini na huo ukombo. Mwaka wa pili alichonga gari ya abiria ya bodi ya mbao, zile za mabenchi pembeni zilizokuwa zikienda shamba, na madirisha matatu upande mmoja na mawili upande wa pili kwa sababu mti ulimwishia. Ilifika ya nne. Alikwenda nayo kwa bibi yake akamweleza kila msumari.

Njia yenyewe inajengwaje?

Ya Marekani huwa na urefu wa meta 10 au zaidi, na kianzio chake kiko juu futi 4 hivi. Sisi yetu ni meta 8, kwa kuwa uwa umeishia hapo. Plaiwudi ya milimita 6 inapindika vizuri pale mteremko unapokutana na tambarare, na pindo hilo liwe la taratibu, lisiwe kona. Katikati ya kila njia gongomea ubao mwembamba wa upana wa milimita 41. Viungo vya mbao vipigwe msasa mpaka ukipitisha kucha isikwame. Kwa kuanzia, tumia vijiti vilivyoungwa kwenye ubao mmoja, vishuke vyote kwa pamoja. Asiwepo mtu wa kuachia kwa mkono.

Mwaka wa kwanza hakuna haja ya plaiwudi. Ubao mrefu mmoja ulioegeshwa kwenye ngazi na sakafu tupu mbele yake vinatosha. Pimeni kigari kimefika umbali gani.

Tunahakikishaje haki?

Kila kigari kipite kila njia mara moja, halafu jumlisheni nafasi zake. Njia mbili hazilingani hata ukizijenga wewe mwenyewe. Mwisho wa njia weka simu irekodi kwa mwendo wa pole, maana watoto wana macho makali na shangazi zao wana makali zaidi. Vigari vikishapimwa uzito vikae mezani, asiguse mtu mpaka zamu yake.

Unyevu na chumvi havituharibii?

Vinaharibu sana, khasa Sikukuu ikiangukia masika. Vigari visikae barazani usiku. Viwekeni kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na kijimfuko cha mchele mkavu. Misumari iliyosuguliwa haina tena kinga yake, kwa hiyo pakeni unga wa penseli upya asubuhi ya mbio.

Mwanangu akishindwa analia. Nimzuie asishiriki?

Usimzuie. Mpe kazi kabla ya mbio kuanza: kusoma mizani, kushika vijiti vya kuanzia, kuandika nafasi kwenye ubao. Siku ya mtoto mwenye kazi haimaliziki pale kigari chake kinaposhindwa. Akilia mwache alie, usimwambie kwamba kushinda si kitu, kwa sababu kwake ni kitu. Akinyamaza, mwombe akuonyeshe kigari kilichomshinda. Mara nyingi atakigeuza chini mwenyewe na kuangalia misumari.

Vigari vya mwaka jana tuvifanye nini?

Msivivunje kwa ajili ya nati. Sisi tumepiga ubao ukutani ukumbini na kila kimoja kina nafasi yake, kimeandikwa chini yake jina la mtoto na gramu zake. Kile changu cha mwaka wa kwanza hakipo. Ile gari ya mabenchi ipo, na mwenyewe huishusha kuionyesha kila akija mgeni.